Alama na Maana Yake: Kufundisha Uhuru katika Shule za Kilosa na Mikumi

Katika ziara zetu za kuwatembelea walimu wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha, tumepata kukaa nyuma ya madarasa mengi ya Wilaya ya Kilosa, tangu shule zilizo kando ya reli mpaka zile za Mikumi zinazopakana na hifadhi ya wanyama. Somo la alama za taifa tumelisikiliza mara nyingi, na kwa kawaida huenda hivi. Mwalimu hutundika picha ya bendera ubaoni. Huuliza rangi ya kijani ina maana gani, na darasa zima huitika kwa sauti moja kwamba ni ardhi na mimea. Nyeusi? Watu. Manjano? Madini. Buluu? Maji. Majibu yote ni sahihi, na mwalimu huandika katika andalio lake kwamba shabaha ya somo imefikiwa.

Siku moja, katika shule ambayo si lazima kuitaja, tulimwomba mwalimu ruhusa tukaliuliza darasa swali moja tu: "Mmesema rangi nyeusi ni watu. Watu gani?" Darasa likanyamaza. Baada ya muda mtoto mmoja alinyosha mkono akasema, "Wale wa kwenye kitabu." Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyeona kosa. Wanafunzi zaidi ya hamsini walikuwa wameimba habari za bendera yao, na hata mmoja wao hakujua kwamba alikuwa akijitaja mwenyewe.

Jibu la mtoto yule ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Tunakusudia kueleza kwa nini alama za taifa hufundishwa vibaya, jinsi ya kuzifundisha kwa kutumia mambo yaliyo karibu na shule, na jinsi ya kumfikisha mtoto kutoka kwenye alama mpaka kwenye jambo lenyewe, yaani uhuru. Mifano yetu tumeitoa Kilosa na Mikumi kwa sababu huko ndiko tunakokujua. Hata hivyo, mwalimu wa mahali pengine popote anaweza kutafuta mifano ya kwao akafuata njia hii hii.

Alama ya Mangungo

Alama ni kitu kidogo kinachosimama badala ya jambo kubwa. Kitambaa husimama badala ya nchi, na mwenge badala ya tumaini. Vivyo hivyo, mstari mdogo wa wino chini ya karatasi husimama badala ya ridhaa ya mtu. Kwa hiyo alama ina nguvu, na mwenye kuitumia bila kujua maana yake anaweza kujifunga mwenyewe.

Jambo hili halihitaji mfano wa mbali. Katika njia iendayo Kilosa kutoka Dumila ipo Msowero. Mwezi Novemba mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters pamoja na wenzake wachache waliingia bara kutoka pwani ya Saadani, wakapita katika nchi za Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami wakikusanya mikataba. Peters alikuwa mjumbe wa Chama cha Ukoloni wa Kijerumani kilichoanzishwa Berlin mwaka ule ule. Tarehe 29 Novemba 1884 alifanya mkataba na Mangungo wa Msowero. Karatasi ilijiita mkataba wa urafiki wa milele, lakini ndani yake iliandikwa kwamba Mangungo ameitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, itumiwe kwa ukoloni wa Kijerumani. Maneno yalikuwa ya Kijerumani, na mazungumzo yalipitia kwa mkalimani. Mangungo akatia alama yake.

Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekutana Berlin kuzungumza juu ya Afrika. Mkutano ule ulikwisha tarehe 26 Februari 1885. Siku iliyofuata, tarehe 27 Februari, serikali ya Kaisari wa Ujerumani ilitoa hati ya kuziweka nchi zilizotajwa katika mikataba ile chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo karatasi ya Msowero haikuandikwa ili isomwe Msowero. Iliandikwa ili ionyeshwe Berlin.

Siku hizi jina la Mangungo limekuwa tusi. Mtu akitia sahihi mkataba mbaya huambiwa kwamba ni Mangungo. Twawaonya walimu wanafunzi wasilipeleke tusi hili darasani, hasa katika shule za Msowero na vijiji vya jirani, ambako mtoto atatukanwa kwa ajili ya mahali alipozaliwa. Wala si historia nzuri. Mangungo hakujua kusoma lugha ile, na hakuwa na njia ya kujua yaliyokuwa yakisemwa Berlin. Tena, kwa desturi za watu wengi wa nchi zetu, mtawala hakuwa na mamlaka ya kuiuza ardhi ya watu wake kana kwamba ni shamba lake la binafsi. Aliyepewa zawadi na kuambiwa habari za urafiki angeweza kuamini kwamba amepata rafiki. Udanganyifu ulikuwa wa aliyejua maana ya karatasi akaificha. Peters huyo huyo ndiye aliyefukuzwa katika utumishi wa serikali yake mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili alioufanya katika nchi ya Kilimanjaro, na watu wetu walimwita Mkono wa Damu.

Je, kisa hiki chahusiana nini na bendera? Chahusiana sana. Mangungo alitia alama asiyoijua maana yake. Mtoto anayesimama mstarini kila asubuhi, akaiheshimu bendera ambayo hajui kwamba yeye mwenyewe yumo ndani yake, naye anatumia alama asiyoijua maana yake. Tofauti ni kwamba Mangungo hakuwa na mwalimu. Mtoto huyu anaye, na ikiwa hatafahamu, lawama ni yetu.

Makosa matatu ya kuepuka

Katika masomo tuliyoyakagua tumeona makosa matatu yanayorudiwa.

Kosa la kwanza ni kukariri kikasuku. Mwalimu huyahesabu majibu ya pamoja kuwa ni ufahamu. Ni kweli kwamba mtoto hana budi kuzijua rangi na maana zake, lakini huo ni mwanzo wa somo. Mwalimu akiishia hapo atakuwa amefundisha majina ya milango bila kumwingiza mtoto hata chumba kimoja.

Kosa la pili ni kutia hofu badala ya heshima. Tumemwona mtoto aliyechapwa kwa sababu alijikuna pua bendera ilipokuwa ikipandishwa. Yawezekana siku ya pili alisimama kama mti, lakini tujiulize amejifunza nini. Amejifunza kwamba bendera ni kitu kinacholeta fimbo. Kipande cha wakoloni nacho watu walikishika kwa uangalifu mkubwa, si kwa kukipenda. Heshima ya kweli hutoka katika ufahamu. Anayejua kwamba kitambaa kile kinabeba jina la mama yake hahitaji kutishwa ili asimame wima.

Kosa la tatu ni kusifu bila kusema kweli. Mwalimu huwaambia watoto kwamba tulipopata uhuru shida zote zilikwisha. Watoto si wajinga. Wanakwenda kuchota maji mbali, wanaona shamba la baba likiliwa na tembo, wanasikia ugomvi wa mipaka ya ardhi. Wakiona kwamba maneno ya darasani hayafanani na mambo ya nyumbani, hawataacha kuyaamini macho yao. Wataacha kumwamini mwalimu.

Kuzifundisha alama kwa vitu vya karibu

Bendera. Twashauri mwalimu aanze nje ya darasa. Wanafunzi wa Kilosa na waende kwa macho mpaka Mto Mkondoa, wale wa Mikumi wautazame uwanda wa Mkata na milima inayouzunguka. Kijani wataiona katika mahindi, mpunga na misitu ya milimani. Buluu wataanza kuifahamu kwa mto, kisha mwalimu awapeleke kwa ramani mpaka kwenye maziwa na bahari. Kuhusu nyeusi, mwalimu achukue daftari la mahudhurio, asome majina yote ya darasa polepole, kisha aseme, "Haya ndiyo maana ya rangi nyeusi." Tumejaribu jambo hili mara kadhaa, na hatujapata kuona darasa likikaa kimya kwa makini kama siku hiyo.

Rangi ya manjano huwatatiza walimu wengi, kwa kuwa si kila shule iko karibu na machimbo. Mwalimu asilazimishe. Hapa ndipo mahali pa kufundisha kwamba bendera ni ya nchi nzima. Mtoto wa Kilosa ana sehemu yake katika dhahabu ya Geita, almasi ya Mwadui na tanzanite ya Mererani, kama vile mtoto wa Geita alivyo na sehemu yake katika wanyama wa Mikumi.

Baada ya hapo wanafunzi na wachore bendera tatu. Ya kwanza ni ya Tanganyika iliyopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, yenye kijani, nyeusi na mistari ya manjano. Ya pili ni ya Zanzibar baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, yenye buluu, nyeusi na kijani. Ya tatu ni bendera ya sasa iliyokuja baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Waulizwe, "Buluu imetoka wapi? Manjano imetoka wapi? Rangi gani zilikuwa katika zote mbili?" Watagundua wenyewe kwamba nchi zote mbili zilileta nyeusi, yaani watu. Mtoto aliyeligundua hili kwa kalamu yake hatalisahau.

Nembo ya Taifa. Nembo ni picha yenye mambo mengi, na kosa la kawaida ni kuyataja yote kwa kipindi kimoja. Twashauri mwalimu aligawe darasa katika vikundi, na kila kikundi kipewe sehemu moja. Jembe na shoka waletewe vyenyewe darasani. Hakuna sababu ya kuchora jembe katika wilaya ya wakulima. Mkuki na ngao waulize wazee. Pamba na karafuu zilizo miguuni pa mwanamume na mwanamke zielezwe kuwa ni mazao ya pande mbili za Muungano. Pamba imepata kulimwa Kilosa, na wazee wengine bado wanaweza kusimulia. Kisha waonyeshwe kwamba mwanamume na mwanamke wote wawili wamesimama kando ya ngao, mmoja kila upande. Hakuna aliyesimama nyuma ya mwenzake. Swali la kuwaachia ni hili: nyumbani na shuleni kwetu, je, kazi na heshima vinagawanywa kama katika nembo?

Wimbo wa Taifa. Watoto wengi huuimba kwa maneno yaliyopotoka, kwa kuwa wameujifunza kwa kusikia tu. Mwalimu auandike ubaoni, aeleze maneno magumu, hasa mambo matatu ambayo wimbo unayataja kuwa ngao zetu. Wanachuo wetu wajue pia kwamba sauti ya wimbo huu ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, naye alikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini. Sauti aliyowatungia watu wake imekuwa wimbo wa mataifa. Mwalimu wa shule ya msingi asidharau kazi anayoifanya katika chumba chake kidogo.

Twiga. Barabara kuu iendayo Zambia hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kiasi cha kilometa 50, na abiria huwaona twiga, tembo na pundamilia kwa madirisha ya basi. Hifadhi hii, yenye kilometa za mraba 3,230, ilianzishwa mwaka 1964, mwaka ule ule wa Muungano. Mtoto wa Mikumi anamjua twiga kuliko mwandishi wa kitabu cha shule, basi mwalimu amwache mtoto aeleze kwanza.

Mwenge wa Uhuru. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria juu ya kuwasha mwanga juu ya Kilimanjaro, ili uangaze mpaka ng'ambo ya mipaka yetu na kuleta tumaini kwa waliokata tamaa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge na bendera mpaka kileleni. Kilele hicho Wajerumani walikuwa wamekiita kwa jina la Kaisari Wilhelm, na sisi tukakiita Uhuru. Hapa mwalimu aulize, "Kwa nini watu waliopata uhuru huanza kwa kubadili majina?" Jibu lake litawaleta kwenye sehemu inayofuata.

Kutoka alama mpaka uhuru

Uhuru ni neno gumu kulieleza kwa maneno. Ukimwambia mtoto wa darasa la tano kwamba uhuru ni hali ya kutotawaliwa, umebadili neno moja gumu kwa jingine. Sisi tumeona kwamba njia nyepesi ni kuwazoesha wanafunzi kuuliza maswali mawili kuhusu jambo lolote la historia: Nani aliamua? Na nani aliulizwa?

Tuchukue mambo ya Kilosa. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, ikipitia Kilosa. Nani aliamua ipite hapa, na kwa faida ya nani? Pakawa na mashamba makubwa ya katani, kama yale ya Kimamba na Rudewa, na wafanyakazi wakaletwa kutoka mbali. Waliitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba. Mfanyakazi alipewa kipande, kadi ya kuhesabia siku zake za kazi. Nani aliamua ujira wake? Aliulizwa nani? Watoto wakikumbuka mtu aliyeitwa kwa namba badala ya jina, halafu wakikumbuka mwalimu alivyoyasoma majina yao yote kuwa ndiyo maana ya rangi nyeusi, watakuwa wameufahamu uhuru kuliko kwa maelezo ya ukurasa mzima.

Kisha wafikishwe katika nyakati za kujitawala: kuanzishwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, uhuru wa mwaka 1961, Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967. Na hapa pia maswali ni yale yale mawili. Mwalimu asiogope kuyauliza kuhusu mambo ya leo: shimo la maji la kijiji, adhabu za shule, treni za reli mpya ya kisasa zilizoanza kupita Kilosa mwaka 2024. Uhuru si jambo lililofanyika mara moja mwaka 1961 likafungiwa kabatini. Hufanyika kila mara watu wanapoulizwa kabla ya kuamuliwa, na hupungua kila mara wasipoulizwa.

Mfano wa somo

Somo lifuatalo ni la Darasa la Tano, kwa vipindi viwili vya dakika 40.

Shabaha: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze kueleza kwa nini ni hatari kutumia alama bila kujua maana yake, kusimulia kisa cha mkataba wa Msowero, na kutaja uamuzi mmoja wa kijiji au shule ambao watu waliulizwa kwanza.

Vifaa: Karatasi moja iliyoandikwa kwa lugha ambayo darasa halijui, kalamu, ramani ya wilaya, na picha ya bendera.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aingie kwa uchangamfu, aeleze kwamba ana karatasi ya urafiki kati yake na darasa, na kwamba kila atakayetia sahihi atapewa kipande cha muwa au karanga chache. Maneno yawe ya lugha ya mbali. Mwalimu aliyetoka Bukoba aweza kuandika Kihaya, na aliyetoka Masasi aweza kuandika Kimakua. Wanafunzi sita au saba watie sahihi, wapewe zawadi.

Hatua ya pili. Mwalimu aisome karatasi kwa Kiswahili. Imeandikwa kwamba waliotia sahihi wamekubali kufagia uwanja wa shule peke yao muhula mzima. Patakuwa na kelele. Aziache kidogo, maana katika kelele zile ndimo somo lilimo. Watasema, "Mwalimu, hukutuambia!" Naye aulize, "Mngefanya nini ili msidanganyike?" Majibu yaandikwe ubaoni: tungeuliza, tungetafuta anayejua lugha, tungekataa mpaka tufahamu, tungeshauriana na wenzetu. Ikitokea kwamba mtoto mmoja anaijua lugha ile na kuwaonya wenzake mapema, mchezo haukuharibika. Mtoto huyo ameonyesha faida ya elimu kuliko hotuba yoyote.

Hatua ya tatu. Mwalimu aipasue karatasi mbele ya darasa, aseme wazi kwamba ulikuwa mchezo na kwamba hakuna aliyekuwa mjinga. Hatua hii isirukwe hata kidogo, maana watoto waliotia sahihi wasije wakachekwa njiani.

Hatua ya nne. Sasa asimulie kisa cha mwaka 1884, akionyesha Msowero katika ramani. Kwa kuwa wamekwisha kupatwa na jambo hilo wenyewe, hawatamcheka Mangungo. Watamhurumia, na watayakasirikia maneno yaliyofichwa.

Hatua ya tano. Katika kipindi cha pili aionyeshe bendera na kuuliza, "Hii nayo ni alama. Tunapoisimamia tunasema nini?" Afuate maelezo tuliyoyatoa juu, na amalizie kwa majina ya darasa.

Maswali magumu

Somo likifundishwa hivi, watoto watauliza. Mwalimu mwanafunzi mmoja huko upande wa Mikumi aliulizwa hivi: "Mwalimu, kama tuko huru, mbona tembo akila mahindi yetu haturuhusiwi kumwua?" Mwalimu alimwambia mtoto akae chini. Tulizungumza naye baadaye, naye alikiri kwamba hakuwa na jibu.

Jibu lipo, ila lahitaji uaminifu. Kwanza, uhuru si kukosa sheria. Huko ni fujo, na katika fujo mwenye nguvu ndiye huwa huru. Pili, sheria ya kuwahifadhi wanyama katika nchi huru hutungwa na Bunge, na Bunge huchaguliwa na watu. Sheria ikimwumiza mkulima, mkulima ana haki ya kusema katika mkutano wa kijiji, kumwambia diwani na mbunge, na kudai irekebishwe. Tatu, ziko kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioharibiwa mazao au kuumizwa na wanyama, na familia inayopata hasara yapaswa kutoa taarifa mapema kwa serikali ya kijiji na afisa wa wanyamapori. Nne, mwalimu aseme kweli kwamba kifuta jasho si fidia kamili, na kwamba jambo hili bado lina ubishi. Mtoto akijua kwamba swali lake ni halali na lina mahali pa kupelekwa, amejifunza uraia. Akiambiwa akae chini, amejifunza kwamba uhuru ni neno la siku ya sherehe.

Liko jambo zito zaidi. Mwezi Desemba mwaka 2000, mwezi ule ule tunaoadhimisha uhuru, watu 38 walipoteza maisha yao Rudewa Mbuyuni katika mapigano kati ya wakulima na wafugaji. Madarasa ya Kilosa yana watoto wa pande zote mbili wakikaa dawati moja, na tumesikia wakiitana majina ya kudharauliana waliyoyasikia kwa wakubwa. Mwalimu asijifanye hajasikia. Maneno yaliyo chini ya ngao yetu ni Uhuru na Umoja, na maneno hayo mawili hayakuwekwa pamoja kwa kupendeza macho. Mkulima asiyeweza kulala kwa kuhofia shamba lake hayuko huru, wala mfugaji asiye na njia ya kupitishia ng'ombe wake mpaka kwenye maji hayuko huru. Kila mmoja akitafuta uhuru wake kwa kumnyima mwenzake, wote wawili huukosa.

Hapa twashauri zoezi moja. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya wakulima na wafugaji, lakini mtoto wa mfugaji awekwe upande wa wakulima, na mtoto wa mkulima upande wa wafugaji. Wapewe ramani ya kijiji cha kubuni chenye mto, mashamba na malisho, waambiwe wapange matumizi yake na wakubaliane. Mwalimu asihukumu, ila aulize tu, "Nani ameulizwa? Nani amesahauliwa?"

Kupima maendeleo ya somo

Maswali ya kujaza nafasi juu ya maana ya rangi hayatoshi. Twapendekeza maswali ya namna hii: "Mgeni amekuja nyumbani na karatasi anataka babu atie dole gumba. Mwandikie babu barua ya mistari mitano kumshauri." Au: "Eleza rangi nyeusi ya bendera bila kutumia neno watu." Mtihani wa kweli zaidi ni wa mwenendo, nao hauandikwi. Mwalimu atazame kama watoto huulizana kabla ya kugawana kazi, na kama kiranja huwasikiliza wenzake.

Tena ajitazame yeye mwenyewe. Hawezi kufundisha uhuru mtu asiyeruhusu swali. Shule yenyewe ni alama ya kwanza ya taifa ambayo mtoto huiona kwa karibu. Akiona humo haki na kusikilizwa, ataamini kwamba ndivyo taifa linavyotakiwa kuwa.

Somo hili limebadilika jina mara kadhaa. Siku za Azimio liliitwa Siasa, baadaye likawa Uraia, kisha Uraia na Maadili, na katika mtaala mpya mengi yake yamo katika Historia ya Tanzania na Maadili. Majina yatabadilika tena. Kazi ya mwalimu haibadiliki: kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayetoka shuleni kwake akiwa tayari kutia alama chini ya maneno asiyoyafahamu.

Nasi twawaomba walimu wanafunzi watakaokwenda mazoezini muhula ujao waanze na lile swali letu. Waulize, "Rangi nyeusi ni watu gani?" Wasiendelee na ukurasa wa pili mpaka mtoto wa dawati la nyuma kabisa ajibu, "Ni sisi, Mwalimu."